Mistari ya Lyall Haikunyooka

Mume wangu Lyall ana miaka sitini na minane, na Jumamosi ile alikuwa amepiga magoti mbele ya gari lake, penseli sikioni, kipande cha tepu kimening'inia mdomoni, tumbo limeegemea bampa. Alikuwa anapima boneti. Mara ya mwisho kumwona Lyall akipima kitu ilikuwa rafu ya bafuni, na mpaka leo ukiweka sabuni pale inateleza yenyewe na kutumbukia chooni.

"Mama," aliniita bila kugeuka, "niletee ile chupa ya kupulizia. Tia maji na sabuni ya vyombo kidogo."

"Miguu yako imefanya nini?"

"Nina kazi hapa, Glenys."

Kazi. Alikuwa ameagiza mistari miwili myeusi ya stika, mipana kama kiganja, ya kupita juu ya boneti, ipande paa, ishuke hadi kwenye buti. Ilikuja imeviringishwa ndani ya bomba la karatasi, na alipolifungua alilishika kwa adabu ambayo hakuwa nayo siku alipomshika mwanawe alipozaliwa. Gari lenyewe ni Holden nyekundu ya kawaida kabisa, ya kwendea sokoni. Kuivalisha mistari ya mashindano ni sawa na mimi kuvaa nguo ya kuogelea ya msichana. Inawezekana, lakini nani anataka kuona?

Ningemwacha ajichekeshe, maana mimi nimeshazoea. Lakini kesho yake, Jumapili, mtoto wetu Heath alikuwa anakuja kula chakula cha mchana, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu. Alikuwa anakuja na mkewe Marisa, na Tilly, mjukuu ambaye Lyall hajawahi kumtia machoni. Nami nilikuwa namjua mume wangu. Mistari ile haikuwa pambo.

Lyall alifanya kazi kiwanda cha magari ya Holden hapa mjini Elizabeth, kando ya Adelaide, tangu ujana mpaka siku kilipofungwa. Ukimsikiliza utadhani yeye ndiye aliyezaa magari yote ya nchi hii. Alikuwa anafunga milango ya nyuma ya kushoto. Ya kulia alikuwa anafunga mtu mwingine. Kwa hiyo milango ya nyuma ya kushoto ndiyo dini yake, na dini hiyo ina amri moja: gari lisilo Holden halikanyagi uwanja wa nyumba hii. Mgeni akija na gari lingine, anaegesha barabarani, kando ya mapipa ya takataka. Padri ameegesha kwenye mapipa. Muuguzi wa marehemu mama yangu alikuwa anaegesha kwenye mapipa na kubeba mizigo yake juani. Lyall alipougua mawe ya figo, akijikunja sakafuni, aliniuliza ambulensi ni ya kampuni gani.

Watu wa mtaani wanacheka, kwa sababu nusu yao ni wendawazimu hivyohivyo, ama wa Holden ama wa Ford, na wanaume wazima hapa wametupiana nyama ya kuchoma kwa ajili hiyo. Lakini Krismasi ile ya miaka mitatu iliyopita Heath alikuja na Ford mpya, ya bluu, amemleta mkewe na mama mkwe. Hakuwa amezima injini, Lyall akatoka na taulo la jikoni begani, akamwonyesha mapipa kwa kidole. Mbele ya mama wa watu. Heath akaenda kuegesha barabarani, akarudi, akakaa mezani. Lyall akaendelea. Ford hivi, Ford vile, mtoto wangu wa kumzaa, kiwanda kimefungwa kwa sababu ya watu kama wewe. Heath akasimama, akamshika mkewe mkono, wakaondoka. Pavlova, ile keki ya ute wa mayai na krimu, niliyoiandaa tangu usiku ilibaki mezani nzima, krimu inayeyuka, mimi na Lyall tunaitazama. Lyall akasema, "Acha aende na Ford yake."

Ndivyo alivyokwenda. Miaka mitatu. Mimi nilipanda ndege kwenda Melbourne mtoto alipozaliwa, na tena alipoanza kutembea. Lyall hakwenda. Nikirudi alikuwa ananiuliza kama mvua ilinyesha huko.

Sasa wiki ile Heath alipiga simu. "Mama, tutapita Jumapili. Lakini mwambie baba maneno yangu kama yalivyo: akisema neno moja kuhusu gari, nageuza. Hata kama nyama iko mdomoni."

Nilimwambia. Lyall aliweka mkono kifuani kama bwana harusi. "Sitasema neno." Siku ya pili yake bomba la karatasi likafika.

"Hii ni nini?" nilimuuliza.

"Stika."

"Umeapa hutasema neno."

"Kwani stika zinasema?" akajibu, na akafurahi sana kwa ujanja wake, maana ujanja kwa Lyall hauji kila mwaka. Mpango wake ulikuwa kuigeuza Holden itazame barabara, imevaa mistari, ing'ae, ili Heath akifika na Ford yake jambo la kwanza kuliona liwe hilo. Bila neno.

Na sasa niseme kitu ambacho mimi nilikijua na Lyall hakukijua. Heath hakuwa na Ford. Aliiuza zamani; nilipokwenda Melbourne mara ya kwanza nilipokelewa uwanja wa ndege na gari la kijivu la kifamilia, la Kikorea, makombo ya biskuti kila mahali. Kwa miaka mitatu Lyall alikuwa anapigana na gari ambalo halipo. Sikumwambia. Angeuliza ningemjibu. Lakini kuuliza habari za mwanawe ilikuwa inamshinda, kwa hiyo nilikaa kimya na kumtazama akihangaika, na siwezi kusema nilikuwa naumia.

Nilimletea chupa yake. Karatasi ya maelekezo ilikuwa imeandikwa wazi, hata mimi niliisoma: bandika kivulini, safisha mafuta yote kwanza, anza katikati ya gari. Banda letu la gari lina kivuli kizuri. Lyall aliitoa Holden juani eti anataka mwanga, bati lenyewe linaunguza kidole. Siku iliyotangulia alikuwa ameipaka nta boneti nzima ili ipendeze. Karatasi ya maelekezo alikuwa anafukuzia nzi.

"Umeshapata katikati?" nilimuuliza.

"Katikati ni hapa." Akaweka kidole juu ya nembo ya Holden, yule simba, kwa heshima.

"Hiyo ni nembo. Sikuulizia nembo."

"Nembo ndiyo katikati, Mama. Gari zima linaanzia kwenye nembo."

Nikamtazama. Mwaka uliopita alimgonga kangaruu njia ya Gawler, boneti ikakunjika, akanunua nyingine kwenye makaburi ya magari. Ilikuja bila nembo. Nani aliyeitoboa na kuipachika nembo upya, bia mkononi, mpira wa miguu ukiendelea kwenye redio? Ni huyuhuyu fundi wa milango ya kushoto. Na nembo ilikaa upande, upana wa kidole hivi. Nimeiona kila siku nikianika nguo. Yeye hajaiona, kwa sababu hajawahi kufikiri kwamba simba anaweza kukaa upande.

Ningeweza kumwambia. Nikaenda kumenya viazi.

Kupitia dirisha la jikoni nilimwona akipulizia maji, akibandua karatasi ya nyuma, stika ikimrukia na kumganda kwenye mkono, akiibandua kwenye nywele za mkono huku akitaja vitu ambavyo padri hapendi. Maji yalikuwa yanakauka kabla hajamaliza kupulizia. Akasukuma mapovu kwa kadi ya plastiki, yakakimbia upande huu, yakakimbia upande ule. Mengine aliyatoboa kwa pini. Ilipofika saa za chai mistari ilikuwa imeshapanda paa na kushuka nyuma, na Lyall alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, shati limelowa, akijipenda.

Jirani yetu Zoran akachungulia juu ya uzio wa bati. Zoran ni mtu wa Ford, na ndiyo maana yeye na Lyall wanapendana. Hakuna mwingine angewavumilia.

"Lyall, ndugu yangu," akasema.

"Sema, mtu wa mapipa."

"Hilo gari linakwenda wapi?"

"Haliendi popote. Linapendeza hapohapo."

"Maana naona gari linakwenda Adelaide, lakini mistari yake inakwenda Gawler."

"Macho ya mtu wa Ford yamezoea vitu vilivyopinda."

"Haya. Mimi nimenyamaza." Zoran akazama nyuma ya uzio, na nikamsikia anamwita mkewe aje aone.

Lyall alirudi nyuma hatua chache. Akainamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto. Ya paani ilikuwa imenyooka. Ya boneti ilitoka kwenye nembo ikikata upande, kama kofia ya mlevi, mpaka ikakutana na kioo. Hakuna mtu mwenye jicho angeikosa.

"Imekaa sawa?" akaniuliza.

"Wewe unaonaje?"

"Naona imekaa sawa."

"Basi si umeona."

Jumapili joto lilizidi. Nilichoma paja la kondoo hata hivyo, na viazi, na mchuzi wa mnanaa, kwa sababu Heath anaupenda, nyumba nzima ikawa tanuri. Pavlova ilikuwa kwenye friji. Lyall alioga, akavaa shati jeupe, akafunga vifungo mpaka shingoni. Aliigeuza Holden chini ya banda, pua nje. Kisha akasimama kando yake kama askari wa getini, na nilimwona anakausha viganja kwenye suruali. Nilitaka kumcheka. Lakini mimi pia nilikuwa nimeenda chooni mara nyingi kuliko kawaida, kwa kuogopa kwamba mwanangu atageuza gari kabla sijamshika mjukuu wangu ndani ya nyumba yangu.

Gari la kijivu likaingia mtaani polepole. Likapita geti letu, likaenda kuegeshwa kando ya mapipa bila kuambiwa. Lyall hakulitazama. Alikuwa anatazama nyuma yake, mwisho wa mtaa, akingoja Ford ya bluu itokee. Milango ikafunguliwa, Heath akashuka, Marisa akashuka, mtoto akatolewa kwenye kiti chake, na Lyall bado anatazama mwisho wa mtaa. Uso ule niliufurahia, sifichi.

"Baba," Heath akasema.

"Heath."

Wakapeana mikono kama watu wanaouziana nyumba. Marisa akanibusu. Tilly, miaka miwili na nusu, mashavu mekundu kwa joto, akajificha nyuma ya goti la baba yake na kumtolea Lyall jicho moja.

Heath akaigeukia Holden. Akaona mistari. Macho yake yakapanda kutoka kwenye nembo hadi kwenye kioo, yakasimama pale mistari inapokutana vibaya, na nikaona anauma mdomo. Lyall akangoja. Heath akasema, "Joto leo."

"Limezidi," Lyall akajibu.

Tukala. Sijawahi kukaa kwenye chakula kigumu kama kile. Tulizungumza mvua. Tulizungumza bei ya nyama, tukazungumza goti la Zoran. Kila tulipofika karibu na safari yao kutoka Melbourne, maana ni safari ya siku nzima na mtu husafiri ndani ya kitu, tukarudi kwenye mvua. Lyall alikuwa anatafuna kipande kilekile tangu tulipokaa. Tilly alishiba viazi, akateremka kwenye kiti, akatoka nje kupitia mlango wa wavu kumfuata mbwa wetu, na hakuna aliyemzuia, kwa sababu uwanja una uzio na sisi tulikuwa tunamtazama Lyall.

"Na ile," Lyall akasema. Akameza. "Ile nyingine iko wapi?"

Marisa akaweka uma chini. Nikawa nimeshaanza kusimama, sijui niende wapi.

"Ile nyingine ipi, baba?" Heath akauliza, taratibu kabisa.

"Unaijua."

"Niliiuza."

"Lini?"

"Februari ile ile. Ilikuwa na milango miwili, na mtoto alikuwa njiani."

Lyall alihesabu kichwani. Midomo yake ilikuwa inacheza. Halafu akanigeukia mimi. "Wewe ulijua?"

"Hukuuliza."

Jibu hilo nilikuwa nimelitunza muda mrefu. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi nikipiga pasi. Nilidhani litakuwa tamu zaidi.

"Si ungesema tu," Lyall akamwambia Heath, na sauti yake ilikuwa ya kulaumu, haki ya Mungu, mtu huyu ana moyo wa kulaumu hata leo. "Ungepiga simu, ukasema baba, nimeiuza. Ungerudi siku hiyohiyo. Mambo yangekwisha."

Heath akamtazama baba yake. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Kwani unafikiri niliondoka kwa ajili ya gari?"

"Kumbe kwa ajili ya nini?"

"Krismasi ile nilikuja kukuambia unapata mjukuu. Ile picha ya hospitali ya mtoto tumboni ilikuwa hapa, mfukoni mwa shati. Marisa aliniambia nikuambie wewe kwanza, kabla ya mama, ufurahi. Ukanionyesha mapipa. Nikasema sawa, nitamwambia mezani. Ukaongea Ford tangu supu mpaka nyama. Nikakutazama, nikaona sina hamu tena ya kukuambia kitu chochote." Akakunja kitambaa chake cha mezani. "Gari ni gari tu, baba. Ningeliegesha hata mtoni."

Mimi, niliyejiona najua kila kitu, niliyewaambia wanawake wote wa kanisani kwamba mwanangu amekosana na baba yake kwa ajili ya Ford, nilikaa na kijiko cha mchuzi mkononi. Miaka mitatu nilikuwa namdharau Lyall kwa kutouliza. Mimi nilipanda ndege mara mbili, nikala chakula cha mwanangu, nikalala kitandani kwake, nami sikuuliza.

Ndipo tukasikia kitu kinachanika nje.

Lyall alifika wa kwanza. Sisi tukasimama mlangoni. Tilly alikuwa amesimama mbele ya Holden, kichwa chake kinafika kwenye taa. Kwenye ncha ya boneti, pale Lyall alipopaka nta nyingi kuliko kwingine, kona ya mstari wa kushoto haikuwa imeshika, na mtoto ambaye ana vidole na kona ya stika mbele yake haulizi ruhusa. Alikuwa ameshabandua kipande kirefu kama mkono wake. Alikishika juu, amekunja uso kwa bidii, anavuta.

"Tilly, acha," Heath akasema kwa haraka. "Acha hilo. Gari la watu hilo."

Nikamwona Lyall bega lake likiruka, kama aliyechomwa sindano. Mtoto akaganda, kipande mkononi, akamtazama mzee huyu mkubwa asiyemjua, na mdomo ukaanza kutetemeka.

Lyall akapiga magoti. Ilimchukua muda, magoti yale ni mabovu, na safari hii hakuegemea bampa, maana alimgeukia mtoto.

"Usivute haraka," akamwambia. "Ukivuta haraka inakatika. Polepole, mama. Hivi." Akaingiza kucha chini ya stika, akaiinua kidogo, akamwachia ncha. "Haya, wewe vuta, babu atashika huku."

Wakavuta. Ilitoka bila shida, kwa sababu haikuwahi kushika. Kando ya nembo palipobaki wazi, Lyall akatua kidogo, akaiangalia ile nembo yake, akaangalia ilipo, akaangalia katikati ya boneti ilipo. Nadhani ndiyo siku aliyoiona. Akaendelea kumshikia mtoto stika. Tilly alikuwa anacheka sasa, mstari mweusi umemzunguka miguu, na mbwa anaudaka.

Mstari wa kwanza ulipotoka mpaka kwenye kioo, Lyall alijiinua kwa kushika taa, akamkabidhi Marisa mtoto, akaingia kwenye Holden, akaiwasha. Nikadhani amekasirika, anakwenda kwa Zoran. Akaitoa polepole uwanjani, mstari mmoja umebaki, mwingine haupo, kipande cha paani kinapepea, akaipeleka barabarani na kuiegesha upande wa pili wa mapipa. Zoran alikuwa tayari juu ya uzio.

Lyall akarudi kwa miguu juani. Alisimama mbele ya Heath, funguo mkononi, shati jeupe lina alama nyeusi ya gundi.

"Ingiza lako ndani," akasema. "Hapo bandani kuna kivuli. Kile kiti cha mtoto kitakuwa moto, kitamuunguza."

Nikamtazama Heath. Lyall, mjinga wangu huyu, mezani aliizungukazunguka ahadi yake, sasa akaivunja waziwazi.

"Amesema neno kuhusu gari," nikamwambia mwanangu.

"Nimesikia," Heath akasema, akatoa funguo mfukoni, akaenda kwenye mapipa kuliingiza lake.

Mimi nikaingia ndani kukata pavlova.